Mgongo Uliopinda: Tuulize Kwanza, Ndipo Tuguse

Katika ziara zetu za vijijini kuna swali ambalo tumeulizwa mara nyingi kuliko tulivyotazamia. Mama au bibi hutusubiri hadi mkutano uishe, halafu hutuita pembeni na kusema: "Huyu mtoto mgongo wake umeanza kupinda. Tumpeleke wapi?" Siku hizi swali hilo limepata nyongeza. Vijana wameona kwenye simu zao video za wataalamu wanaonyoosha migongo kwa mikono, mifupa ikilia "ka!" na mgonjwa akisimama huku anatabasamu. Basi wazazi huuliza kama tiba hiyo, iitwayo kiropraktiki, inaweza kumnyoosha mtoto wao.

Katika toleo hili tumeona vema kulijibu swali hilo kwa utulivu na kwa lugha ya kawaida, ili kamati zetu ziweze kuwashauri watu vizuri. Jibu lenyewe kwa ufupi ni hili: mgongo uliopinda una sababu zaidi ya moja, na mkono unaoweza kumpa nafuu mtu mmoja unaweza kumpooza mwingine. Kwa hiyo ni lazima kujua kwanza ni nini kimeupinda.

Jambo lililotufundisha

Tulikutana na binti wa umri wa miaka tisa hivi, anayelelewa na bibi yake. Katikati ya mgongo wake palikuwa na kinundu kidogo chenye ncha, kama kifundo cha kidole. Watu wa nyumbani walikumbuka kwamba aliwahi kuanguka kutoka kwenye mwembe, wakaamini kuwa mfupa ulihama siku ile. Wakampeleka kwa mzee mmoja anayejulikana kwa kukanda. Mzee yule alimchua kwa mafuta na kukibonyeza kile kinundu ili kirudi ndani. Alifanya hivyo mara kadhaa, kwa nia njema na bila kudai fedha nyingi.

Baada ya wiki chache binti akaanza kujikwaa. Kisha miguu ikakosa nguvu kabisa, akawa anabebwa. Alipofikishwa hospitali, picha ya eksirei na vipimo vilionyesha kuwa mfupa haukuhama. Ulikuwa umeliwa na kifua kikuu, na kila ulipobonyezwa ndivyo mshipa mkuu wa fahamu ulivyozidi kubanwa.

Tunamshukuru Mungu kwamba dawa zilianza kabla ya mambo kuharibika kabisa. Ilichukua miezi mingi, lakini leo binti huyo anatembea na amerudi darasani. Kinundu kimebaki na kitabaki. Hatusimulii habari hii ili kumlaumu yule mzee. Alifanya alichokijua, na sisi wenyewe tulikuwa tumepita katika kijiji kile mara mbili tukizungumzia visima na mbuzi wa maziwa, bila kumwuliza mtu yeyote habari za mgongo wa mtoto.

Uti wa mgongo umejengwaje?

Uti wa mgongo ni safu ya mifupa midogo iitwayo pingili. Shingoni zipo pingili 7, kifuani 12 na kiunoni 5. Hizo 24 ndizo zinazotuwezesha kuinama na kugeuka. Chini yake iko mifupa ya nyonga na kifandugu, ambayo kwa mtu mzima imeungana. Kati ya pingili na pingili kuna kitu kama mto mgumu unaopunguza mshindo tunapotembea au kubeba mzigo. Ndani ya safu hiyo, kama maji ndani ya bomba, hupita mshipa mkuu wa fahamu unaotoka kwenye ubongo. Mshipa huo ukibanwa, miguu hupoteza nguvu, na mtu anaweza kushindwa kuzuia haja ndogo na kubwa.

Ukimtazama mtu mwenye afya kwa nyuma, safu hii imenyooka. Ukimtazama kwa ubavuni, ina mikunjo ya kawaida ya shingo, kifua na kiuno. Basi si kila mkunjo ni ugonjwa. Tunachotafuta ni mkunjo usiotakiwa kuwepo, au uliozidi kipimo.

Mgongo unaopinda upande

Hali ya kwanza huitwa na madaktari skoliosisi. Hapa uti wa mgongo hupinda upande wa kulia au wa kushoto, na papo hapo pingili hujizungusha. Kwa kuwa mbavu zimeshikana na pingili, mbavu za upande mmoja husukumwa nyuma. Ndiyo maana bega moja huonekana juu kuliko jingine, au gauni la shule huning'inia upande.

Daktari hupima mkunjo huo kwenye picha ya eksirei kwa nyuzi, kwa njia iliyoelezwa na daktari John Cobb wa Marekani mwaka 1948. Mkunjo wa kuanzia nyuzi 10 ndio unaoitwa skoliosisi. Kati ya vijana 100, wawili au watatu hivi huwa nao, na wengi wao ni wenye mkunjo mdogo usiowaletea shida yoyote maishani.

Katika kila wagonjwa 10, wanane hivi huwa na skoliosisi ambayo chanzo chake hakijulikani. Hutokea mtoto anapokaribia kubalehe, wakati mwili unarefuka kwa kasi. Wavulana na wasichana wote huipata, lakini mikunjo mikubwa inayoendelea kuongezeka huwapata zaidi wasichana. Wagonjwa waliobaki ni wale waliozaliwa na pingili zisizokamilika, au wenye magonjwa ya misuli na fahamu kama vile mtindio wa ubongo, mgongo wazi na polio.

Hapa tunaomba kamati zetu zisaidie kuondoa mzigo usio wa haki uliowekwa juu ya akina mama. Skoliosisi isiyo na chanzo kinachojulikana haisababishwi na mtoto kubebwa mgongoni kwa kanga. Haisababishwi na ndoo ya maji kichwani, wala na begi la madaftari, wala na kukaa vibaya darasani. Mizigo mizito huweza kuleta maumivu, na ni vema watoto wasitwishwe kupita kiasi, lakini siyo inayoupinda uti kwa namna hii. Wala si laana, wala si deni la ukoo.

Kinundu cha katikati: kifua kikuu cha uti wa mgongo

Hali ya pili ndiyo iliyompata binti tuliyemtaja. Wengi wetu tunajua kifua kikuu cha mapafu, lakini vijidudu vyake huweza kusafiri kwa damu na kukaa kwenye mifupa. Kifua kikuu kinapoingia kwenye mifupa na viungo, karibu nusu ya wagonjwa hukipata kwenye uti wa mgongo. Vijidudu hula pingili kwa upande wa mbele. Pingili ikidhoofika hujikunja kuelekea mbele, na nyuma hutokeza kinundu chenye ncha.

Ugonjwa huu ni wa zamani sana. Alama zake zimeonekana hata katika miili ya watu wa Misri ya kale. Daktari Percivall Pott wa London aliueleza mwaka 1779, na hadi leo madaktari huutaja kwa jina lake. Kwa muda mrefu tiba yake ilikuwa kulala kitandani kwa miezi mingi, pengine mgonjwa akiwa amefungwa plasta. Kuanzia miaka ya 1960, majaribio yaliyosimamiwa na Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza, yakiwemo yaliyofanyika Korea, yalionyesha kuwa wagonjwa wengi hupona kwa kumeza dawa huku wakiendelea kutembea. Wachache ndio wanaohitaji upasuaji, hasa wale ambao fahamu zao zimebanwa.

Kwa Tanzania, dawa za kifua kikuu hutolewa bila malipo. Matibabu huchukua miezi mingi, kwa kawaida kati ya 6 na 12, kadiri daktari atakavyoelekeza, na ni lazima yakamilishwe. Familia nyingi hazilijui jambo hili. Hudhani mtoto mwenye kinundu ni "kibiongo wa kuzaliwa," humficha nyumbani, na ugonjwa unaotibika unaendelea kula mifupa.

Kiropraktiki ni nini, na inaweza nini?

Sasa tuje kwenye swali la wale wanaonyoosha kwa mikono. Kiropraktiki ilianzishwa na Daniel David Palmer, mzaliwa wa Canada aliyekuwa akiishi katika mji wa Davenport, jimbo la Iowa, Marekani. Mwezi wa Septemba 1895 alimbonyeza mgongo Harvey Lillard, mfanyakazi wa usafi katika jengo alimofanyia kazi, aliyekuwa na tatizo la kusikia, naye Palmer akasema kuwa usikivu wa mtu huyo umerudi. Kutokana na hapo alifundisha kwamba karibu magonjwa yote hutokana na pingili zilizohama na kubana fahamu. Fundisho hilo halikuthibitishwa na sayansi, na wataalamu wengi wa kiropraktiki wa leo wameliacha. Wao hujishughulisha zaidi na maumivu ya mgongo, shingo na viungo.

Hii si kazi ya kujifunza kwa siku moja. Katika Afrika, vyuo vikuu vya Durban na Johannesburg nchini Afrika Kusini hutoa shahada katika fani hii. Hapa Afrika Mashariki wataalamu waliosomea ni wachache, na wanapatikana hasa katika miji mikubwa.

Je, inasaidia? Kwa mtu mzima mwenye maumivu ya kiuno ya muda mrefu yasiyotokana na ugonjwa mwingine, inaweza kusaidia kiasi. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo Desemba 2023 kuhusu maumivu hayo; maumivu ya kiuno kwa jumla mwaka 2020 yaliwapata watu milioni 619 duniani kote. Mwongozo huo umeitaja tiba ya kunyoosha uti kwa mikono kuwa miongoni mwa njia zinazoweza kutumika, kwa masharti, pamoja na mazoezi na elimu ya kujitunza. Mwongozo huo huo haukupendekeza kuvutwa mgongo kwa mashine wala kuvaa mikanda ya kiuno kwa maumivu ya namna hiyo.

Lakini kupunguza maumivu ni jambo moja, na kunyoosha uti uliopinda ni jambo jingine. Hakuna ushahidi wa kuaminika kwamba kiropraktiki, au kukandwa kwa namna yoyote, kunaondoa mkunjo wa skoliosisi au kuuzuia usiongezeke mtoto anapokua. Ile sauti ya "ka!" inayosikika kwenye video si mfupa unaorudi mahali pake. Hutokana na gesi iliyomo katika majimaji ya kiungo pale kiungo kinapovutwa. Mgonjwa anaweza kusikia nafuu, misuli ikalegea, na mkunjo ukabaki pale pale. Hatari yake ni kwamba familia hutulia ikidhani mtoto anatibiwa, na miaka ya kukua, ambayo ndiyo miaka ya kumsaidia, ikapita.

Zaidi ya hapo, kuna migongo isiyopaswa kuguswa kabisa kwa namna hii. Mwaka 2005 Shirika la Afya Duniani lilitoa miongozo ya mafunzo na usalama katika kiropraktiki, na humo limeorodhesha hali zinazokataza kunyoosha uti: mifupa iliyovunjika, uvimbe katika uti, maambukizo ya mifupa, na kifua kikuu cha uti wa mgongo kimetajwa waziwazi. Kwa hiyo mtaalamu mwenye elimu, akimwona mtoto mwenye kinundu, hatamgusa mgongo wake, atampeleka hospitali. Hicho ni kipimo kizuri cha kumjua mtaalamu wa kweli. Ambaye yuko tayari kumnyoosha kila anayeingia mlangoni, bila kuuliza na bila picha, tumwepuke. Vilevile, Tanzania Bara ina sheria ya mwaka 2002 inayosimamia tiba asili na tiba mbadala, na watoa huduma hizo wanapaswa kusajiliwa. Kamati isione haya kuuliza cheti.

Tiba ya skoliosisi ikoje?

Mkunjo ukiwa mdogo, chini ya nyuzi 25, mtoto hufuatiliwa tu. Hupigwa picha baada ya miezi kadhaa ili kuona kama unaongezeka. Wengi huishia hapo.

Mkunjo ukiwa kati ya nyuzi 25 na 40 na mtoto bado anakua, hutumika koti gumu la plastiki linalozunguka kiwiliwili na kusukuma mbavu. Kwa miaka mingi watu walibishana kama koti hilo linafaa. Mwaka 2013 yalitolewa matokeo ya utafiti mkubwa uliofanyika Marekani na Canada, ukihusisha vijana 242. Kati ya waliopewa koti, asilimia 72 walimaliza kukua bila mkunjo wao kufikia kiwango cha upasuaji, dhidi ya asilimia 48 ya waliofuatiliwa bila koti. Na waliolivaa kwa wastani wa saa 13 hivi au zaidi kila siku walifanikiwa kwa asilimia 90 na kitu. Tuelewane vizuri: kazi ya koti ni kuuzuia mkunjo usizidi, na haiwezi kufanyika baada ya mtoto kumaliza kukua. Joto la mikoa yetu, hasa Pwani, huwafanya watoto walichukie, hivyo mtoto anahitaji fulana nyepesi ya pamba ndani yake, na anahitaji watu wa kumtia moyo zaidi ya kumkaripia.

Yapo pia mazoezi maalumu ya skoliosisi, yaliyotokana na kazi ya Katharina Schroth wa Ujerumani aliyoianza mwaka 1921. Yanaweza kusaidia yakiongozwa na mtaalamu wa mazoezi ya viungo.

Mkunjo ukizidi nyuzi 45 au 50, madaktari hufikiria upasuaji wa kuunganisha pingili kwa vyuma. Kazi hiyo ilipiga hatua kubwa kwa vyuma vilivyobuniwa na daktari Paul Harrington wa Houston, Texas, aliyekuwa akihangaika na watoto ambao polio iliwapinda migongo. Ni upasuaji mkubwa na wa gharama, na si kila hospitali inaweza kuufanya. Mkunjo ukiachwa hadi uwe mkubwa mno, kifua hubanwa na mapafu hukosa nafasi.

Kwa nchi yetu, hospitali ya wilaya ndiyo mlango wa kwanza. Kutoka hapo mgonjwa anaweza kupewa rufaa kwenda Taasisi ya Mifupa Muhimbili jijini Dar es Salaam, au hospitali za rufaa za kanda kama KCMC ya Moshi na Bugando ya Mwanza. Moshi pia kuna chuo cha TATCOT, kilichoanzishwa mwaka 1981, ambacho kimefundisha mafundi wa viungo bandia na visaidizi kutoka nchi nyingi za Afrika. Ufundi wa kutengeneza koti la mgongo ni sehemu ya fani hiyo, na tunao hapa hapa nchini.

Namna ya kumtazama mtoto

Kipimo cha kwanza hakihitaji umeme wala fedha. Kilielezwa na daktari William Adams wa Uingereza mwaka 1865 na kinatumika hadi leo.

1. Mtoto asimame pekupeku, miguu pamoja, magoti yamenyooka. Mtazame kwa nyuma: je, mabega yako sawa? Nafasi kati ya mkono na kiuno ni sawa pande zote mbili?

2. Aunganishe viganja, kisha ainame polepole mbele mpaka mgongo uwe kama meza. Mtazamaji achutame nyuma yake. Kama mbavu za upande mmoja zimeinuka kuliko za upande mwingine, mtoto apelekwe kituo cha afya.

3. Mtazame kwa ubavuni. Kama kuna kinundu chenye ncha katikati, usikibonyeze. Apelekwe hospitali mapema.

4. Dondosha kitu sakafuni, umwombe mtoto akiokote. Mtoto mwenye kifua kikuu cha uti mara nyingi hakubali kuinama. Huchuchumaa mgongo ukiwa mkavu, akijishika mapajani.

Umri unaofaa ni miaka 10 na tena 12 kwa wasichana, na miaka 13 au 14 kwa wavulana. Wasichana watazamwe na wanawake, mzazi au mlezi awepo, mtoto afungwe kanga ili mgongo pekee uonekane, na asilazimishwe. Kusiwe na mtoto anayetazamwe peke yake na mtu mzima mmoja chumbani, hata kama mtu huyo ni wa kamati.

Dalili zisizosubiri

Mgonjwa yeyote, mtoto au mtu mzima, mwenye mojawapo ya dalili zifuatazo asikandwe wala kunyooshwa na mtu yeyote. Apelekwe hospitali:

- maumivu ya mgongo yanayomwamsha usiku;
- homa za jioni, jasho la usiku, au kukonda;
- kikohozi cha muda mrefu, au kuishi na mgonjwa wa kifua kikuu;
- miguu kukosa nguvu, kufa ganzi, au kujikwaa bila sababu;
- kushindwa kuzuia haja ndogo au kubwa, au kushindwa kukojoa;
- maumivu yaliyoanza baada ya ajali au kuanguka;
- maumivu mapya ya mgongo kwa mtu aliyewahi kuugua saratani.

Ambaye hana dalili hizi na anaumwa kiuno baada ya kulima au kubeba, kwa kawaida hupata nafuu katika wiki chache. Asilale kitandani siku nyingi. Atembee na kufanya kazi nyepesi kadiri awezavyo.

Kamati ya parokia ifanye nini?

Kwanza, tunaomba kila kamati ya afya ichague watu wawili, mmoja wao mwanamke, wa kujifunza kipimo hiki kutoka kwa mhudumu wa kituo cha afya cha jirani. Kipimo hiki kinaweza kufanyika mara moja kwa mwaka kwa watoto wa mafundisho ya Komunio na Kipaimara, ambao ni wa umri huo huo tunaoutafuta.

Pili, tuwatafute wakandaji wa vijiji vyetu na kuzungumza nao kwa heshima. Watu wanawaamini, na wao ndio huuona mgongo kabla ya daktari. Mkandaji anayejua dalili zisizosubiri ni msaada mkubwa. Yule mzee tuliyemtaja mwanzo, alipoelezwa kilichotokea, alinyamaza muda mrefu, kisha akaomba afundishwe. Baadaye alimtuma kituoni mtoto mwingine, akiwa hajamgusa.

Tatu, katika jumuiya ndogo ndogo tuzungumze wazi kuhusu watoto waliofichwa. Injili ya Luka, sura ya 13, inatueleza habari za mama aliyekuwa amepinda mgongo kwa miaka 18, asiweze kujinyoosha. Yesu alimwita mbele ya watu wote na kumtambua kuwa ni mmoja wa wana wa Ibrahimu. Hata kabla hatujampatia mtoto tiba, hilo la kumwita mbele na kumpa nafasi yake kati yetu liko ndani ya uwezo wetu.

Neno kwa wafadhili wetu

Tunawashukuru kwa dhati kwa moyo wenu. Tunajua kwamba upasuaji mkubwa hugusa moyo kuliko nauli ya basi, na picha ya kabla na baada huonekana vizuri katika taarifa. Lakini tulichokiona ni kwamba watoto wengi hukwama mwanzoni. Dawa za kifua kikuu ni bure, lakini bibi hana nauli ya kwenda hospitali ya wilaya, wala fedha ya eksirei, wala mahali pa kulala mjini. Mtoto wa skoliosisi akipata koti akiwa na miaka 11 anaweza asihitaji kamwe chumba cha upasuaji. Akifika akiwa na miaka 17, koti halina kazi tena.

Kwa hiyo tunawaomba mturuhusu kutumia sehemu ya michango yenu kwa mambo madogo haya yasiyopigwa picha: nauli, eksirei, malazi, na koti jipya kila mtoto anapokuwa mkubwa kuliko la zamani. Tutatoa hesabu ya kila shilingi kama kawaida yetu.

Nasi, ndugu zetu wa kamati, tuanze na nyumba zetu wenyewe. Jioni ya leo, kabla ya kulala, kila mzazi amwite mtoto wake wa umri huo, amwombe asimame, ainame, na atazame mgongo wake. Ni kazi ya dakika moja. Mkiona lolote la kutia shaka, msimbonyeze wala msimnyooshe. Njooni ofisi ya parokia, nasi tutaandamana nanyi hadi hospitali.